Bibi Aliyezikwa Mara Mbili

"Mimi niliulizwa, nikajibu," Redio alisema. "Sasa kosa langu liko wapi?"

"Kosa lako ni huo mdomo," Mama Chiriku alijibu.

Ndoo yake ilikuwa imejaa kitambo. Maji yalimwagika chini, lakini hakuna aliyekumbuka kufunga bomba.

Wawili hao walikuwa wapangaji wa nyumba moja. Mama Chiriku alikuwa msusi. Wateja wake aliwasukia barazani, nje ya chumba cha kwanza. Redio alikuwa fundi cherehani, chumba cha tatu. Jina hilo alipewa na majirani, kwa sababu habari ikimfikia saa moja, saa mbili nyumba nzima inayo. Yeye hakulichukia. Alisema kuna watu hawana jina kabisa.

Jana yake, mwalimu wa darasa wa Chiriku alikuwa amepita kwa Redio kuchukua suruali iliyopunguzwa kiuno. Wakazungumza. Redio akasimulia, bila kubembelezwa, kwamba Jumamosi alimwona Chiriku akiruka kamba uani. Mwalimu aliondoka amekunja uso.

"Mtoto wangu anaumwa, wewe unamtangaza anaruka kamba," Mama Chiriku alisema.

"Jumamosi hakuwa anaumwa. Nilimwona kwa macho yangu. Na hilo la kamba hata hakuliuliza. Yeye aliuliza jambo jingine."

"Aliuliza nini?"

"Kama mazishi yalikwenda salama. Nikamwambia hapa hakuna msiba."

"Mazishi ya nani?"

"Ya mama yako."

Mama Chiriku akafunga bomba.

Mlangoni kwake, mama yake mzazi alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage. Aliinua kichwa taratibu.

"Nimekufa lini?" aliuliza.

Redio alitaka kucheka, akauma mdomo. Mama Chiriku aliketi juu ya ndoo nyingine iliyopinduliwa, akaeleza yote.

Chiriku alikuwa na miaka kumi. Aliitwa hivyo kwa sababu alianza kuongea akiamka na kunyamaza akilala. Tangu mdogo alikuwa na ugonjwa wa selimundu, ambao wengine huuita sikoseli. Kuna siku miguu na mikono ilimuuma mpaka akashindwa kusimama. Kuna wiki alikuwa mzima kama wenzake. Kliniki walimjua vizuri. Baba yake, dereva wa lori, alijua. Bibi alijua. Zaidi ya hapo, Mama Chiriku hakumwambia mtu.

Alikuwa na sababu yake. Walikokaa zamani, mteja mmoja alisikia habari za ugonjwa huo. Siku hiyohiyo alimwinua binti yake kwenye mkeka aliokuwa akicheza na Chiriku, kichwa kikiwa kimesukwa nusu, akaondoka. Hakurudi tena. Tangu hapo Mama Chiriku aliamua kwamba jina la ugonjwa halitatoka kinywani mwake.

Kwa hiyo kila Chiriku alipokosa shule, mama aliandika barua. Ya kwanza ilisema ni homa. Ya pili, tumbo. Ya tatu ilisema bibi yake amefariki kwa presha. Ya nne ilisema jino. Ya tano ilisema bibi yake amefariki ghafla.

"Nilisahau kwamba nilishakuua," alimwambia mama yake.

"Mara mbili," Bibi alisema. "Na hata chai ya waombolezaji hukupika."

Safari hii Redio alicheka waziwazi. Lakini Mama Chiriku alikuwa analia.

Barua ya tano ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Wiki mbili nyuma, Chiriku alichelewa shule. Alimwambia mwalimu kwamba miguu inamuuma. Mwalimu hakuamini, akamwamuru akimbie kuuzunguka uwanja mara tatu. Kulikuwa na baridi na manyunyu. Mzunguko wa pili Chiriku alianguka. Mwalimu alimwambia aache maigizo, ainuke. Mtoto alilala hospitali siku nne. Na mama yake, badala ya kueleza ukweli, akaandika tena habari za msiba.

Sasa kulikuwa na barua kutoka shuleni. Mzazi anaitwa ofisini siku ya Ijumaa. Chiriku akikosa tena bila sababu inayoeleweka, atarudia darasa.

"Simrudishi," Mama Chiriku alisema. "Atakaa hapa nimfundishe kusuka. Shule itaniulia mtoto."

Chiriku alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Alikuwa amesikia kila neno.

Ndipo akaingia muuguzi. Alikuwa amehamia chumba cha mwisho mwezi uliopita. Alifanya kazi katika wodi ya watoto hospitali kubwa, na jioni hiyo alirudi kazini na viatu mkononi, miguu imemvimba. Aliona machozi, akaona barua, akauliza. Redio alifungua mdomo. Mama Chiriku akamtazama, Redio akaufunga. Mama Chiriku alisimulia mwenyewe.

Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwomba Redio kopo lake la vifungo.

"Vya nini?"

"Lete tu. Na zile kulabu ndogo za kufungia sketi. Na chupa tupu."

Redio alivileta mbio. Muuguzi alimwita Chiriku naye aje. Alimimina vifungo vidogo vya mashati ndani ya chupa, akaipindua. Vifungo vikateremka shingoni kwa mlio mwepesi, vyote.

"Damu ina chembe nyingi nyekundu," alisema. "Kwa watu wengi ni za mviringo, kama vifungo hivi. Zinapita kwenye mishipa bila shida. Kwa mwenye selimundu, nyingine hujikunja kama mundu. Tazameni."

Alitia kulabu, akapindua chupa. Chache zilitoka. Nyingine zilishikana, zikaziba shingo.

"Zikiziba, damu haipiti. Pale isipopita panauma sana. Zikiachia, mtoto anapata nafuu, anaruka kamba. Kwa hiyo ni kweli anaumwa, na ni kweli anaruka. Redio hakusema uongo, na mtoto naye hakusema uongo."

Redio alishika kopo lake, akalitazama kama hajawahi kuliona. Aliuliza kama ugonjwa huo unaambukiza. Muuguzi alisema hauambukizi hata kidogo, si kwa mkeka, si kwa kikombe, si kwa kitana. Mtu huzaliwa nao. Huurithi kwa baba na mama wote wawili, na wazazi wengi hawajui kwamba wamebeba kitu hicho. Hapo si pa kulaumiana.

Kisha akageuka kwa Mama Chiriku. Alimwambia kwamba shule ilikuwa haijapewa nafasi ya kuuamini ugonjwa, kwa sababu haikuwahi kuambiwa. Ilichopewa ni barua tano zinazogombana.

"Ijumaa nenda," alisema. "Usiende kugombana. Nenda na karatasi."

"Karatasi gani?"

"Kesho pita kliniki. Mwombe daktari barua yenye jina la ugonjwa, sahihi na muhuri. Aandike pia shule ifanye nini na isifanye nini. Mwalimu ana watoto karibu sitini. Hawezi kukisia."

Alhamisi Mama Chiriku alifunga kazi mapema, akaenda kliniki. Daktari aliandika ukurasa mmoja, kwa maneno mepesi. Mtoto anywe maji mara kwa mara, hata kipindi kikiendelea. Aruhusiwe kwenda chooni anapoomba, kwa sababu maji mengi hutaka kutoka. Avae sweta wakati wa baridi, asinyeshewe. Acheze, lakini apumzike akisema amechoka, na asipewe adhabu ya kukimbia. Chini kabisa daktari alipigia mstari maneno haya: akiwa na homa, au maumivu ya kifua, au akipumua kwa shida, au kichwa kikimuuma sana, au upande mmoja wa mwili ukilegea ghafla, apelekwe hospitali mara moja. Mzazi apigiwe simu njiani, asisubiriwe.

Ijumaa asubuhi Mama Chiriku alipotoka, alimkuta mama yake mlangoni amevaa viatu vya kutokea.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Shuleni. Nikathibitishe kwamba nipo."

Na Redio alikuwa nyuma yake na kopo la vifungo na kulabu kwapani, chupa mkononi. Alisema aliyepeleka nusu ya habari ndiye anayepaswa kupeleka nusu iliyobaki.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na meza moja, kabati la chuma na viti vinne. Redio alibaki amesimama. Mwalimu wa darasa alikuwa ameshatandaza zile barua tano mezani, kama karata. Alianza kwa upole, akauliza mzazi anasemaje.

Mama Chiriku alimtazama mama yake, kisha akasema:

"Barua hizo zote ni uongo, na uongo huo ni wangu. Mtoto hajakudanganya hata siku moja. Alipokuambia miguu inamuuma, ilikuwa inamuuma."

Akaweka barua ya daktari juu ya zile tano.

Mwalimu wa darasa aliisoma. Akairudia. Mwalimu mkuu naye akaisoma. Redio aliomba ruhusa, akapindua chupa yake mbele yao, mara ya vifungo na mara ya kulabu. Alieleza vizuri kuliko muuguzi, na kwa sauti kubwa zaidi. Mlio wa mwisho ulipokoma, kulabu zilikuwa zimekwama shingoni.

Mwalimu wa darasa alizitazama muda mrefu. Kisha akamgeukia yule mama mzee aliyekaa pembeni.

"Na huyu ni nani?"

"Mimi ndiye marehemu," Bibi alisema.

Mwalimu mkuu alikohoa ili asicheke. Mwalimu wa darasa hakucheka.

"Bibi, darasa zima lilisimama kimya kwa ajili yako," alisema. "Mara mbili. Sababu zilikuwa zikibadilika kila barua, nikasema mtoto huyu hana ukweli. Nikaacha kumsikiliza."

Alisimama, akaenda kumwita Chiriku. Mtoto alikuja ameshika mikono nyuma. Mwalimu aliinama mpaka macho yao yakalingana.

"Uliniambia unaumwa, nikakukimbiza. Nilikosea."

Chiriku alifikiri kidogo. "Na mimi sikuigiza," alisema.

"Najua sasa."

Hapo ndipo walipopanga. Karatasi ya daktari ilitolewa nakala. Moja ilibandikwa ndani ya mlango wa kabati la walimu, ili hata mwalimu wa zamu aione. Nyingine ilikaa kwenye meza ya mwalimu wa darasa. Mama Chiriku aliahidi kwamba Chiriku akikosa, ataleta daftari dogo lenye tarehe na muhuri wa kliniki, na hataandika tena jambo lisilokuwapo. Mwalimu aliahidi kumtunzia kazi za siku alizokosa. Habari ya kurudia darasa ikafutwa. Chiriku mwenyewe alikubali wenzake waelezwe, kwa sharti kwamba chupa aipindue yeye. Alipoanza kueleza, kengele ililia naye bado hajamaliza.

Zilipita wiki tano. Chupa ya maji ilikaa kwenye dawati lake na hakuna aliyeishangaa. Alikosa shule siku mbili tu, na daftari lilikwenda na kurudi.

Kisha, asubuhi moja, Chiriku alinyamaza darasani. Mwalimu aliligundua hilo kabla ya jambo lingine lolote. Alimsogelea, akamgusa paji la uso. Lilikuwa la moto. Chiriku alisema kifua kinamuuma akivuta pumzi. Mwalimu hakuuliza jambo la pili. Alimwachia mwenzake darasa, akampeleka mtoto hospitali, na alimpigia simu Mama Chiriku wakiwa tayari njiani. Daktari alisema maambukizi yalikuwa yameanza kushika mapafu. Alisema pia kwamba wamefika mapema, na kwa mtoto kama huyu saa chache ni kitu kikubwa.

Baada ya wiki moja Chiriku aliruhusiwa kurudi nyumbani. Siku iliyofuata, mchana, mwalimu alitokea uani na madaftari mkononi. Redio alimwona wa kwanza, kwa hiyo kabla hajafika mlangoni kila mtu alikuwa na habari. Mama Chiriku aliacha kichwa cha mteja, akamshukuru. Ndani, Chiriku alisikika akimweleza muuguzi hadithi ambayo ilikuwa imeanza asubuhi.

Mwalimu alitabasamu. Alikabidhi madaftari, akasema hakai, ana kazi za kusahihisha.

Bibi alitokeza kwenye pazia, mwiko mkononi.

"Ingia ule, mwalimu," alisema. "Ulinisimamia mara mbili. Leo keti, marehemu akupakulie."