Kadi ya Macho ya Tipitipi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda skuli, Mwanakheir alikuwa na kazi tatu: kufagia uani, kuchota maji bombani, na kumvisha nguo mdogo wake, Mkubwa. Kazi ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu. Mkubwa alikuwa na umri wa miaka miwili, na jina lake halikumsaidia chochote katika kimo, lakini alijua kukimbia nusu yumo ndani ya kanzu na nusu yuko nje. Tena kila alichokiona chini alikitia mdomoni.

Walikaa Jang'ombe, Unguja, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, pamoja na bibi yao, Bi Kazija. Baba yao alikuwa baharia wa meli, akionekana nyumbani mara mbili kwa mwaka. Mama yao alikuwa Matemwe mwezi huo, akimtunza dada yake aliyejifungua. Kwa hiyo Bi Kazija ndiye aliyekuwa mama, baba na hakimu wa nyumba nzima.

Huo ulikuwa mwaka 1954, na Mwanakheir alikuwa darasa la sita katika skuli moja ya wasichana mjini. Mwalimu wao, Bi Mwatum, alikuwa ameanzisha urafiki na skuli ya kisiwa kidogo kaskazini ya Uskoti, mahali ambapo wanafunzi wake walilazimika kupatafuta kwa kidole kwenye ramani. Watoto wa huko walikuwa wa mwanzo kuleta sanduku la vitu vya kwao, na kila kitu kilikuwa na kadi iliyokieleza. Mwanakheir aliipenda kadi ya soksi za sufu. Iliandikwa na msichana aitwaye Morag, aliyesema kwamba sufu ilitoka kwa kondoo wao wenyewe, na kwamba ana mdogo wake mlafi, ambaye yeye Morag humgawia kila anachopata.

Sasa ilikuwa zamu ya Unguja kujibu. Kila mwanafunzi alete kitu kimoja kutoka nyumbani, na kadi yake kwa Kiingereza.

"Lakini sharti ni hili," alisema Bi Mwatum. "Muulizeni mtu mzima nyumbani. Andikeni atakalokwambieni, si mnalolidhani."

Wiki nzima watoto walikuwa wakiuliza na kuandika. Mwanakheir alisema kesho, kesho, mpaka ikafika asubuhi ya siku ya mwisho naye hana kitu. Bi Kazija alikuwa bado anaoga. Mwanakheir akapanda juu ya kiti, akafungua mkebe wa bibi yake uliokuwa juu ya kabati, akachota mbegu akazitia katika chupa tupu ya dawa. Zilikuwa mbegu nzuri mno: nyekundu, zinang'ara, kila moja ina doa jeusi upande mmoja. Bibi alikwisha kumwambia zamani kwamba mkebe ule asiuguse, naye hata siku moja hakuuliza kwa nini. Mbegu mbili tatu zilianguka chini ya kabati. Hakuwa na muda wa kuziokota.

Njiani alitunga kadi, akaiandika mbiombio mlangoni mwa darasa: "Hizi ni mbegu za mmea wa porini. Zinaitwa macho ya tipitipi, kwa sababu ndege huyo ana macho mekundu."

"Umeuliza nyumbani?" Bi Mwatum alimwuliza.

"Naam, Bi Mwatum."

"Mbona fupi hivi? Haya, itie ndani ya chupa."

Rafiki yake Shemsa alichungulia begani kwake. Shemsa alikuwa ameleta karafuu, na kadi yake ilijaa pande zote mbili maneno ya babu yake.

"Mistari miwili!" Shemsa alicheka. "Huko Uskoti watasema huyu kaandika huku anasinzia."

Mwanakheir aliona aibu. Wakati wa mapumziko alikaa peke yake, akaandika kadi nyingine, na safari hii kalamu haikukwama hata kidogo. Aliandika kwamba watoto wa Unguja huzila mbegu zile siku ya Sikukuu, kwamba ni tamu kuliko asali, na kwamba ziko za kutosha darasa zima. Akamalizia: "Zitafuneni sana, ndipo utamu utoke." Kadi ilipendeza. Nani angejua? Uskoti iko wapi na Jang'ombe iko wapi? Akaitoa ile ya mwanzo, akaitia hii, akafunga kizibo bila ya kumwonyesha mtu. Adhuhuri sanduku likapigiliwa misumari.

Siku mbili zikapita salama. Jumatano jioni Mwanakheir alikuwa anachambua mchele uani, na Bi Kazija anasuka ukili wa mkeka. Mkubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka, kimya. Utulivu wake ndio uliomshitua Bi Kazija.

"Mkubwa! Una nini mdomoni? Tema! Tema hapo!"

Bi Kazija, ambaye siku zote huinuka kwa kushika magoti na kuomba msaada wa Mungu, siku hiyo aliuvuka ua mzima kabla Mwanakheir hajaweka ungo chini. Alimkamata mtoto, akamtia kidole shavuni, akatoa mbegu moja nyekundu. Mkubwa alipiga ukelele kwa kunyang'anywa mali yake. Bi Kazija aliigeuza mbegu kwenye mwangaza, huku na huku.

"Nzima," alisema. "Alhamdulillahi. Haikupasuka."

"Ni nini, Bibi?" aliuliza Mwanakheir.

"Sumu hii, mjukuu wangu. Mtu akiimeza nzima, huenda ikapita. Lakini akiitafuna! Nshamwona mtoto kwetu Matemwe, alitafuna moja tu, hakumaliza siku tatu. Nani kagusa mkebe wangu?"

"Sijui, Bibi. Labda paka."

Paka alikuwa amelala juu ya kinu, na hakuwa na njia ya kujitetea.

Usiku Mwanakheir alimwachia Mkubwa chakula chake. Zitafuneni sana. Aliyaona maneno yale kwa mwandiko wake mwenyewe, mzuri, ulionyooka. Alimwona Morag anaweka mbegu moja mkononi mwa mdogo wake, na mdogo wake hana bibi wa kumtia kidole shavuni, kwani kadi kutoka Unguja imesema ni tamu. Kisha akajituliza. Meli inachukua mwezi mzima kufika Ulaya. Katika mwezi mzima, mbegu zinaweza kuoza, sanduku linaweza kupotea. Muda bado upo, alijiambia, na haja ya kusema leo haipo. Hofu ilimsikiliza kidogo, kisha ikarudi palepale.

Asubuhi yake aliinua mkono darasani.

"Bi Mwatum, sanduku letu limeondoka na meli gani?"

"Kwani sikukwambieni?" Bi Mwatum alitabasamu. "Tumepata bahati. Bibi Mkuu wa skuli yetu ameondoka juzi kwa ndege, anakwenda likizo kwao Uskoti, na amelichukua pamoja na mizigo yake. Inshallah Jumatatu asubuhi wenzenu watalifungua."

Darasa zima lilipiga makofi. Mwanakheir alihesabu kwa vidole. Leo ni Alhamisi, Jumatatu iko siku nne tu. Somo la hesabu lilipita, la jiografia likapita, naye hakusikia neno. Akisema, skuli nzima itamjua kuwa mwongo. Atachapwa. Pengine urafiki wote utavunjwa kwa ajili yake. Asiposema, basi kuna watoto wa watu watakaokaa duara Jumatatu, wagawane.

Kengele ilipolia, wenzake wakatoka. Yeye alibaki amesimama mbele ya meza ya mwalimu.

"Nini, Mwanakheir? Unaumwa?"

"Kadi yangu si ya kweli, Bi Mwatum."

Na baada ya hilo la kwanza kutoka, mengine yakafuata yenyewe: mkebe, kadi mbili, Mkubwa, paka. Bi Mwatum hakumkatiza. Alipofika kwenye "zitafuneni sana," mwalimu aliweka chaki chini akainuka.

"Vaa viatu. Twende posta."

Hakugomba hata neno moja, na hilo lilimtisha Mwanakheir kuliko fimbo. Walipita vichochoro vya mji kwa haraka, buibui la Bi Mwatum likipepea, na mkono wake ukiwa umekamata wa Mwanakheir mpaka ukauma. Posta, Bi Mwatum aliomba karatasi ya telegramu, akaisukuma mbele ya mwanafunzi wake.

"Andika wewe. Maneno machache, na yaeleweke."

Mwanakheir aliandika kwa Kiingereza: "Mbegu nyekundu ni sumu. Msile. Kadi si kweli. Barua inafuata."

"Jina la mpelekaji?" aliuliza karani.

Mwanakheir alimtazama mwalimu wake. Alitumaini ataandika la kwake, au la skuli. Bi Mwatum alikuwa anamtazama tu, anangoja. Basi Mwanakheir akaandika jina lake lote, la baba na la babu, akijua kwamba watu asiowajua watalisoma pamoja na kosa lake.

Karani alisoma anwani, akakuna kichwa. "Mpaka nchi kavu itafika kesho. Lakini hiki kisiwa, mwalimu, ni kidogo mno. Kama bahari imechafuka, boti ya posta haivuki. Siwezi kukupeni ahadi."

Nyumbani, Mwanakheir aliziokota mbegu zilizobaki chini ya kabati, kisha akamweleza bibi yake yote. Bi Kazija aliukunja ukili, akauweka kando.

"Na paka ukamsingizia," alisema.

"Nnakuomba radhi, Bibi."

"Mwenyezi Mungu atusamehe sote. Mimi nami nilikwambia usiguse, sikukwambia kwa nini. Kaa hapa. Unajua mbegu hizi nakusanya za nini?"

"Sijui."

"Za sonara. Zinakaribia uzito mmoja, moja na mwenziwe. Yuko sonara wa Kihindi huko mjini, baba yake akipimia dhahabu kwa mbegu hizi, na babu yake kwao Bara Hindi vilevile. Anaweka mbegu upande huu wa mizani na dhahabu upande ule. Hii pete yangu ya harusi ilipimwa kwa mbegu ishirini. Nilikuwepo, nikihesabu kwa jicho moja, nimejifunika."

Mwanakheir aliitazama pete kwenye kidole cha bibi yake. Alikuwa ameiona kila siku ya maisha yake. Pete, mizani, Bara Hindi, na bibi yake kijana anachungulia asiibiwe dhahabu: yote hayo yalikuwemo nyumbani, bure, naye akaenda kubuni pipi.

"Kumbe ningekuuliza tu," alisema, na machozi yakamtoka.

"Ungeuliza, ningesema. Lete kalamu."

Aliandika barua mpaka karibu na magharibi. Siku ya pili Bi Mwatum aliipeleka posta iende kwa ndege, lakini wote wawili walijua kwamba barua hiyo haitafika kabla ya Jumatatu. Ijumaa hapakuja jibu. Jumamosi na Jumapili Mwanakheir alimfuata Mkubwa kila pembe ya nyumba, akimfungua mdomo kila saa, mpaka mtoto akaanza kumkimbia. Jumatatu asubuhi alikaa darasani akitazama saa ya ukutani. Sasa wanaingia skuli. Sasa wanatoa misumari. Jibu halikuja.

Jumanne, katikati ya somo la kusoma, tarishi wa posta alibisha mlango. Bi Mwatum alifungua bahasha. Alisoma bila ya sauti, kisha akamtazama Mwanakheir.

"Njoo usome mwenyewe," alisema mwalimu. "Kwa sauti."

Mwanakheir alisoma: "Telegramu imefika Jumatatu alfajiri. Chupa imefungiwa kabatini. Watoto wote wazima. Morag anauliza, mbegu hizo ni za nini hasa."

Alilia mbele ya watu wote, wala hakujali. Shemsa alimpa leso yake. Wengine walikuwa wanaulizana kwa minong'ono, basi Bi Mwatum akawaeleza kisa chote, bila ya kupunguza wala kuongeza.

"Mwanakheir atabaki baada ya saa za skuli mwezi mzima, anisaidie kusoma kila kadi kabla haijatoka," alisema. "Hiyo ndiyo adhabu yake, na mimi najitia humo, maana sikuitazama chupa kabla ya kufungwa. Sasa nisikilizeni nyote. Mimi nikikudanganyeni kuwa Chukwani kuna simba, mtakwenda kutazama, mtarudi mkinicheka. Morag hawezi kuja Unguja kutazama. Unguja yake yote ni karatasi tuliyomwandikia, na yuko tayari kukitia mdomoni tunachomwambia ni chakula. Tulisema tunataka urafiki na watu wa mbali. Urafiki wenyewe ndio huu: umwambie kweli mtu ambaye hawezi kukugundua ukimdanganya. Na kama ushamdanganya, ulikimbilie kosa lako kabla halijamfikia. Mwanakheir alichelewa usiku mmoja. Angechelewa siku nne, leo tungesoma telegramu nyingine."

Watoto kadhaa walikuwa wanajiuliza walichoandika kwenye kadi zao.

"Nakala ya barua yako unayo?" Bi Mwatum alimwuliza Mwanakheir.

"Ninayo, Bi Mwatum."

"Basi simama utusomee. Hata mimi sikujua mbegu hizo ni za nini."

Mwanakheir alipangusa macho, akakunjua karatasi. Alisoma habari za mizani, dhahabu na pete ya bibi yake, mpaka mwisho.