Maua ya Stesheni

Soko la Beringharjo lilikuwa limefurika hata ngazi za kupandia kwenye vitambaa hazikuonekana. Rumini alikuwa akishuka na mfuko wa vifungo, blauzi yake ya waridi imemganda mgongoni kwa jasho, alipogongana na marobota matano ya kitambaa yaliyokuwa yakipanda kama yana miguu yao wenyewe. Vifungo vikamwagika ngazini.

"We romusha!" alifoka. "Mzigo umekuziba macho?"

Marobota yakatuliwa. Nyuma yake akatokea kijana mrefu mwenye shati la batiki lililopaukia mabegani.

"Nisamehe, Dik," alisema, kama aitwavyo dada mdogo kwao, akapiga magoti kuokota. "Ila jina hilo hapana. Niite lingine lolote."

"Lipi?"

"Janto."

Kiwandani alikoshona Rumini, fundi aliyebakishwa kushona wenzake wakienda zao aliitwa romusha, na mwenyewe aliitikia kwa kicheko. Rumini alijua ni neno la Wajapani, la enzi za vita. Zaidi ya hapo hakujua. Shule aliishia darasa la sita, na mwalimu alilipita mbio.

Kuanzia hapo, kila Jumatano Janto alipiga simu kwa mama mwenye nyumba wa Rumini.

"Umekula?"

"Nimekula wali na fenesi."

"Bila mimi? Una moyo wa jiwe."

"Jiwe gani, Mas, linalokimbilia simu kila Jumatano?"

Mwezi wa saba Janto alimpeleka Rumini kijijini kwa Bibi Sarinten, mama wa marehemu baba yake, aliyemlea. Kwao kijana haposi kabla hajawapelekea maua wazee wake makaburini na kuwaomba ruhusa, na wa kusema lini na kaburi lipi ni Bibi. Rumini alivaa kebaya, blauzi ya heshima, ya kijani aliyoishona mwenyewe. Chai ikamiminwa. Bibi akauliza kama mjukuu wake huko mjini anajituma.

"Huyu, Bibi? Romusha mtupu!"

Alicheka peke yake. Bibi aliweka kikombe chini, akainuka, akaingia chumbani na kushusha pazia. Janto alimsindikiza mgeni wake hadi barabarani.

Jumatano simu haikulia. Ya pili nayo kimya. Ya tatu Rumini akapiga yeye, dukani alikofanya kazi Janto.

"Mas, kama umenichoka sema. Najua mimi ni wa darasa la sita."

"Si hilo, Dik." Kijana alivuta pumzi. "Babu yangu alikuwa romusha. Wajapani walimchukua mwaka wa arobaini na tatu, baba yangu yuko tumboni. Hakurudi."

"Na hukuniambia!"

"Nyumbani neno hilo halitamkwi. Ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia pale pale ngazini!" Akakata simu.

Hasira ikaisha, ikabaki aibu. Jumapili asubuhi alikwenda peke yake. Alimkuta Bibi barazani anachambua mchele, akaketi mkekani, miguuni pake.

"Nimekuja kuomba radhi, Bibi. Nilicheka."

"Hata mimi nilicheka," Bibi alijibu bila kuinua macho. "Unadhani lilianza likiwa neno baya? Walikuja na bendera na ngoma. Walisema romusha ni shujaa wa kazi, anakwenda kujenga reli miezi mitatu. Mume wangu alisita. Mimi ndiye niliyemwambia nenda, usiniaibishe. Nikazunguka kijiji kizima natamba, mume wangu romusha! Baadaye wakarudi watu wawili, mifupa na macho tu, na hakuna aliyelitamka tena. Leo nalisikia kwako, ni la kuchekesha. Kile kicheko, mwanangu, nilikijua. Kilikuwa changu."

Rumini akasogea kwenye ungo, wakachambua pamoja.

"Bibi," alisema baadaye, "wapo wasiojua siku aliyokufa mtu wao. Huhesabu siku aliyoondoka kuwa ndiyo, wakamsomea dua."

"Nikimsomea nitakuwa mjane. Miaka hamsini na mitatu mimi ni mke wa mtu." Mikono ya Bibi ilisimama. "Hana kaburi. Maua yenu niseme yapelekwe wapi? Janto hakukukataa. Mimi ndiye niliyemkwamisha."

"Mara ya mwisho ulimwona wapi?"

"Stesheni ya Lempuyangan. Alitoa mkono dirishani."

"Basi tumpelekee huko."

Bibi alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Jumanne walisimama watatu stesheni, katikati ya wauza karanga na abiria wenye mabegi. Bibi alivaa kebaya ya mistari ya kahawia, nywele kazifunga kisogoni. Janto alishika kikapu cha waridi na yasmini.

"Umemfanya nini?" alimnong'oneza Rumini. "Hajakanyaga hapa tangu siku ile."

"Nimechambua naye mchele."

"Na mimi bado unanitaka?"

"Muulize babu yako kwanza."

Bibi alikuwa ameinama, akimwaga maua relini konzi kwa konzi. "Mjukuu wako anataka kuoa," aliziambia reli. "Msichana ana mdomo. Lakini ana miguu ya kurudi."

Mlinzi wa stesheni akaja mbio, filimbi inaning'inia kifuani. "Jamani, Bibi! Nani kafa hapa?"

Bibi akajinyoosha polepole.

"Hajafa mtu," alisema, kwa sauti iliyowageuza wauza karanga. "Mume wangu alipandia hapa. Alikuwa romusha. Tumekuja kumwomba ruhusa ya harusi."

Mlinzi alivua kofia.