Mtu Wetu Hapangiwi Bei

Siku ya maonyesho ya gemu ukumbi ulifurika mpaka watu wakawa wanapitana kwa mabega. Kampuni kubwa zilikalia meza za mbele, zenye taa za rangi na muziki wa kupasua masikio. Nyuma kabisa, karibu na mlango wa choo, waliwekwa wale wadogo: watu wanaotengeneza gemu peke yao chumbani, bila kampuni, bila mshahara, kwa roho zao tu. Na katika hao wadogo, mdogo kuliko wote alikuwa dada mmoja aliyevaa gauni la bluu la mikono mirefu, nywele kazisuka mistari, kaketi nyuma ya kompyuta iliyopasuka pembeni. Tangu asubuhi watu walimuuliza swali moja tu, choo kiko upande gani.

Basi alipomwona kijana wa shati la njano anamjia, hedifoni zikimning'inia shingoni, alinyoosha mkono kabla hajaulizwa.

"Choo ni hapo kulia, kaka."

"Asante, lakini sijabanwa," kijana alisema. "Nimekuja kucheza. Au hii kompyuta ni pambo?"

Dada akacheka bila kutaka, akamsogezea kiti.

Sauti ile aliijua. Nani katika kazi yao asiyeijua? Ilikuwa sauti ya Dalali. Kila Jumamosi alasiri kijana huyu alikuwa hewani kwenye mtandao, anawaletea wasikilizaji gemu mpya za watu wadogo alizozifukua huko zilikojificha, anazichambua, anabishana nao, na mwisho anataja bei ambayo yeye mwenyewe angeitoa mfukoni. Ndipo watu wakambandika jina la Dalali. Akitaja bei nzuri, gemu inauzika. Akitaja mbovu, mwenye gemu anazima simu siku nzima.

Gemu ya yule dada haikuwa na bunduki wala magari. Unasimama kwenye duka la vitambaa. Mteja anaingia, unamtazama viatu, unasikiliza anavyosalimia, unaangalia vidole vyake vinavyogusa kitambaa, halafu unampangia bei. Ukishusha sana, duka linakufa. Ukipandisha sana, mteja anageuka na kwenda zake. Na sauti ya mama mmoja inakuelekeza taratibu, mara inakutania, mara inakukemea.

Dalali alicheza kimya. Akafika mahali ambapo mdogo wake yule mama anaingia dukani. Pale sauti ikasema, "Mtu wetu hapangiwi bei. Muite jirani." Mama wa kwenye gemu akaacha mkasi, akatoka nje, akasimama kibarazani, duka kalipa mgongo. Jirani wa duka la vyombo akaingia kuuza badala yake.

Kijana akavua hedifoni. "Hili umelitunga?"

"Sikulitunga. Huyo ni mama yangu, na sauti ni yake. Alikuwa akifanya hivyo kweli. Anasema undugu ukiingia kwenye bei, mmoja lazima atoke analia. Ukimpunguzia umejidhulumu, ukimkazia umemdhulumu yeye. Bora utoke nje."

"Bado ana duka?"

Dada alifuta kioo cha kompyuta kwa kiganja. "Duka tulifunga. Kumbukumbu zinamtoka. Kuna siku ananiuliza chumvi iko wapi huku ameishika. Nataka niimalize hii gemu akiwa bado anaweza kujitambua humo ndani."

Hapo ndipo moyo wa Dalali ulipodondoka, na wala hakuinama kuuokota. Akauliza tu, "Na utaiuza bei gani?"

"Elfu mbili."

"Elfu mbili! Dada, hiyo ni bei ya soda. Chema chajiuza, sawa, lakini si kwa kujikana namna hiyo."

"Kwani wewe ungetaja ngapi?"

"Sisemi leo. Ukiimaliza nitaisema hewani, watu wote wasikie."

Lilikuwa neno la mzaha, lakini yule dada alilibeba mpaka nyumbani, akalala nalo.

Namba za simu zilibadilishana mikono, na simu zikaanza. Mwanzoni zilihusu kazi. Baadaye kazi ikawa kisingizio.

"Fundi, umekula?" Ndivyo Dalali alivyomwita yule dada.

"Nimekula. Wewe umepiga kuuliza hilo tu?"

"Hapana. Nimepiga kukuuliza kama gemu yako ina kasoro yoyote leo."

"Haina."

"Basi itafute, mpenzi, nipate cha kukupigia kesho."

Ikawa mazoea yao, asubuhi ya Jumamosi Fundi anakwenda kwenye chumba cha Dalali, chumba chenye dirisha moja, magodoro ya kuzuia mwangwi ukutani na kiti kizuri kimoja walichogombania kila mara. Wanatafuta gemu mpya ya mtu asiyejulikana, wanaicheza pamoja, kisha wanahesabu moja, mbili, tatu, kila mmoja anataja bei yake kwa sauti. Atakayetaja bei ya mbali zaidi na ile aliyoiweka mwenyewe mtengenezaji, anachemsha chai. Fundi alichemsha sana chai siku hizo, kwa sababu kila gemu aliionea huruma na kuipandishia.

"Wewe ungeuza duka lingefilisika," Dalali alimtania, "kila mteja ungemlilia."

"Na wewe ungeuza bila hata kumwangalia mteja usoni."

"Nakuangalia wewe, inatosha."

Lakini mapenzi yao yalikuwa na sharti, na sharti alilitoa Fundi. "Usimwambie mtu kuhusu sisi mpaka gemu yangu itoke. Watasema nimebebwa. Nataka isimame kwa miguu yake."

"Mapenzi ni kikohozi, Fundi, hayafichiki."

"Basi kohoa kwenye mto."

Dalali akaapa. Hata kwa kina Fundi hakuwahi kukanyaga.

Gemu ikatoka. Jumamosi hiyo Fundi hakwenda kule chumbani. Alikaa nyumbani na mama yake, amevaa lile gauni la bluu kama mtu anayesubiri wageni, simu ameiegemeza kwenye birika. Alitaka mama asikie mtu akiisifu kazi ya maisha yake. Alikuwa ameiweka elfu tano kwa kuogopa, na alikuwa tayari kuibadilisha mara tu Dalali atakapofungua mdomo.

Na Dalali aliisema vizuri, jamani. Alisema sauti ya yule mama imemfanya amkumbuke marehemu bibi yake. Alisema hajawahi kuona gemu inayomfundisha mtu kumtazama mwenzake hivi. Fundi akaushika mkono wa mama, machozi yanamlengalenga. Kisha ikaja saa ya bei. Dalali akanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu mpaka Fundi akadhani mtandao umekatika.

"Hii gemu," Dalali akasema hatimaye, "mimi siipangii bei. Ichezeni, mpime wenyewe."

Na akaendelea na gemu nyingine, akaipa elfu sita.

Maneno ya wasikilizaji yakaanza kumiminika chini ya kipindi. Mmoja aliandika kwamba Dalali kamwonea haya dada wa watu. Mwingine akaandika, "Ukiona dalali kashindwa kutaja bei, jua ni ya bure hiyo." Waliangua vicheko. Fundi alisoma yote, moja baada ya jingine, mpaka mama akamuuliza, "Unalia nini?"

Dalali alimpigia simu jioni hiyo hiyo.

"Fundi, nisikilize..."

"Usiniite Fundi! Watu usiowajua hata sura unawapa bei. Mimi niliyekupikia chai nimekushinda?"

"Ningefanyaje? Ulinifunga mdomo mwenyewe."

"Nilikufunga kuhusu sisi, sikukufunga kuhusu kazi yangu!"

"Ni jambo hilo hilo, mpenzi. Hebu tulia ufikiri. Kuna mtu anayelijua hili kuliko wewe?"

"Ninachokijua ni kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Usinipigie tena."

Akakata. Dalali alipiga tena na tena, Fundi hakupokea. Dalali akamwandikia, Fundi akafuta bila kusoma. Hasira hasara, lakini nani husikia methali akiwa amewaka?

Wiki zilipita. Gemu ilinunuliwa na wachache, kisha kimya. Fundi akarudia kazi za vibarua, kutengenezea watu tovuti za maduka, kazi isiyomchosha akili wala kuifurahisha. Jumamosi asubuhi ilikuwa inamsumbua kuliko siku zote. Mara nyingi alijikuta amesimama jikoni na vikombe viwili mkononi. Alimpenda yule kijana na alimchukia, na vyote viwili vilikuwa vya kweli.

Mama naye alizidi kufifia. Siku moja alasiri hakutaka kula wala kuzungumza, kazi yake kuipapasa hewa kwa mikono. Fundi akafungua sanduku la vitambaa vilivyobaki dukani, akavitandaza mezani mbele yake. Mama akanyooka mgongo papo hapo. Akaanza kukunja, pindo kwa pindo, kama zamani.

Tangu utotoni walikuwa na mchezo wao. Mtoto anachukua kitambaa, anajifanya mteja, anauliza bei. Mama anacheka na kumfukuza, "Toka hapa! Mtu wetu hapangiwi bei." Na kitambaa kinakuwa cha mtoto.

Fundi akachukua kimoja cha kijani. "Mama, hiki bei gani?"

Mama akamtazama viatu. Akamtazama vidole. Akampandisha macho mpaka usoni, taratibu, kwa adabu.

"Elfu nane, dada yangu," akasema. "Ukichukua viwili nitakupunguzia."

Fundi alikuwa amepangiwa bei. Mama aliyemzaa amemtazama na kumwona mteja, mtu wa kupita tu. Bei ilikuwa nzuri, ya haki kabisa, na iliuma kuliko tusi. Akaenda chumbani, akajifunika uso na kile kitambaa, akalia kwa kwikwi.

Na katika kulia ndipo lilipomjia. Kwamba kupangiwa bei ndiko kulikomfanya mgeni. Kwamba yupo mtu aliyepaswa kumpangia bei mbele ya watu wote, kazi yake ni hiyo, jina lake ni hilo, na akakataa. Akatoka nje. Akasimama kibarazani, duka kalipa mgongo, ametukanwa, amechekwa, na hakuweza hata kusema kwa nini, kwa sababu yeye Fundi ndiye aliyemwapisha.

"Mganga hajigangi," alijisemea, na machozi yakawa mengine. Sharti la mama yake alilipanga yeye kwenye ile gemu, mstari kwa mstari. Aliyelielewa ni yule kijana aliyelicheza mara moja karibu na choo.

Jumamosi iliyofuata Dalali alikuwa hewani. Alikuwa na sauti ya mtu aliyepungukiwa usingizi. Akawakaribisha wasikilizaji wapige simu, akapokea ya kwanza.

"Habari ya leo, nani mwenzetu?"

"Ni mimi mwenye lile duka la vitambaa."

Kiti cha Dalali kikasikika kikilia.

"Dada," Dalali akasema kwa uangalifu, "tuko hewani."

"Najua. Ndiyo maana nimepiga huku. Nataka wasikilizaji wako wajue kwa nini hukunitajia bei. Mimi ni mpenzi wako. Nilikuwa mpenzi wako kabla gemu haijatoka, na nilikukataza kusema. Ungetaja bei ungewadanganya, na usingeweza kuwaambia ukweli bila kunivunjia ahadi. Ulifanya kama anavyofanya mama kwenye gemu yangu. Mimi niliyeitengeneza sikukuelewa. Nisamehe."

"Watasema umebebwa, Fundi." Jina lilimtoka Dalali hewani.

"Waseme. Nikose gemu, nisikukose wewe."

Walisema, tena sana. Wengine waliinunua ili waje kuitukana, na katika hao wengine wakaja kuandika kwamba wamewapigia mama zao simu. Lakini Dalali hakubaki kusoma. Alizima mitambo katikati ya kipindi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Alifika kwa kina Fundi jua likiwa bado kali, shati lile lile la njano, kalipiga pasi vibaya kwa haraka. Walitazamana mlangoni.

"Umekonda," Fundi alisema.

"Sina mtu wa kunichemshia chai."

Akamkumbatia hapo hapo, majirani wapende wasipende.

Ndani, mama alikuwa mezani na vitambaa vyake, mkasi wa dukani mkononi. "Karibu mteja," alisema. Dalali akapiga goti ili macho yao yalingane.

"Shikamoo mama. Sikuja kununua. Nimekuja kwa ajili ya binti yako. Nataka kumuoa, akinikubali."

Fundi aliukamata mkono wa Dalali na kuubana, na hilo lilikuwa jibu lake.

Mama hakuonyesha kama amesikia. Aliendelea kukunja. Kijana akakaa kidogo, kisha, labda kwa kukosa la kufanya, akakiokota kile kitambaa cha kijani. "Mama, na hiki bei gani?"

Fundi alitaka kumzuia. Hakutaka kuisikia tena ile elfu nane.

Mama akamtazama kijana viatu. Akamtazama vidole, vilivyoshikana na vidole vya binti yake, na hapo macho yakakaa muda mrefu. Akaweka mkasi mezani. Akainuka kwa taabu, akashika ukuta, akatoka mpaka kibarazani, akasimama kawapa mgongo.

"Jirani!" akaita kwa sauti ya zamani, ya dukani, kumwita mtu aliyekwishahama siku nyingi. "Jirani, njoo uwauzie hawa. Ni watu wetu."

Hakuna aliyekuja. Fundi alisimama pale ndani ameshikwa mkono, kitambaa cha kijani kiko kati yao, analia kwa sauti kama mtoto, na mama yake akabaki nje akiwasubiri wamalize.