Aliyeisoma Mada ya Rowena

— Mada hii imeshasajiliwa, mwanangu. Jana mchana.

Bi Felisa, mkutubi wa chumba cha tasnifu, aliongea polepole kama anayetoa habari za msiba. Rowena akauliza ni nani.

— Jovito Sandoval.

Jovito huyohuyo, mchumba wake wa miaka minne. Rowena akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu.

Rowena alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya milimani. Kila Jumamosi alishuka mji wa Iloilo, Ufilipino, kuja chuoni kutafuta sababu ya wanafunzi wake kukwama kusoma pale masomo yanapoacha lugha ya nyumbani. Tasnifu za pale hazitoki nje wala hazipigwi picha. Unaacha mkoba mlangoni, unanakili kwa mkono. Alisoma thelathini na moja, akajaza madaftari mawili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jovito aliona ni vizuri mwenzake ainame.

Simu ikatetemeka.

"Mpenzi usikasirike. Shule ninayofundisha wamesema nisipopata shahada mwaka huu, nafasi yangu anapewa mwingine. Daftari lako la mada ulilisahau kwa mama. Sisi ni kitu kimoja, changu chako. Wewe una akili, utapata mada nyingine."

Alilia, hilo sifichi. Kisha akafuta uso kwa kiganja, akauliza kama kuna njia ya kupinga. Bi Felisa akasema ipo: jopo la kupitisha mada linakutana Jumatatu, na anayepinga aje na ushahidi kwamba kazi ni yake.

— Ushahidi gani? Daftari la mada analo yeye.

— Fungua tasnifu yoyote uliyosoma, tazama ukurasa wa mwisho.

Mle mlikuwa na karatasi ndogo iliyobandikwa, ambayo kila msomaji husaini kabla ya kukabidhiwa kitabu. Rowena alikuwa amesaini kwa mazoea tu, kama watu wanavyosaini mahudhurio ya semina. Bi Felisa akamwombea kibali cha kupeleka tasnifu zile ukumbini kwa jopo, naye Rowena akazibeba mwenyewe kwa safari tatu.

Jumatatu Dkt. Abrenica, mwenyekiti wa jopo, alimuuliza Jovito kama tasnifu alizoorodhesha amezisoma. Jovito, amevaa barong, shati rasmi jeupe lililopigwa pasi na mama yake, akajibu amezisoma zote. Mwenyekiti akafungua ya kwanza nyuma, ya pili, ya tano. Alipofika ya tisa akaacha.

— Hapa namwona Rowena Catubig. Rowena tena. Wewe ulisomea wapi?

Jovito akalegeza kola.

— Daktari, huyu ni mchumba wangu. Tunaoana Desemba.

— Hongera. Nimekuuliza ulisomea wapi.

Mwenyekiti akakifunga kitabu. Mada ikarudishwa kwa mwenyewe, Jovito akaambiwa aanze upya mwaka ujao. Ile nafasi ya shule ikaenda na maji.

Jovito alimfuata Rowena mpaka ngazi za maktaba, macho mekundu. Rowena naye moyo ulimuuma, maana bado alimpenda, na mapenzi si taa kwamba utayazima kwa kidole.

— Wena, kweli unaniacha kwa sababu ya karatasi? Miaka minne yote?

— Unajua nini kimeniuma? Ungeniomba, ningekupa. Ningekupa na madaftari yote mawili, nikaanza mada nyingine, na nisingemwambia mtu.

Jovito akanyoosha mkono amshike.

— Lakini hukuniomba. Uliona kuniibia ni rahisi kuliko kuniomba. Mume wa namna hiyo nitalala naye vipi na macho nimefumba?

Akavua pete, akamwekea kiganjani, akamfunga vidole vyake kimoja kimoja. Halafu akaingia ndani kumwambia Bi Felisa amtafutie tasnifu ya thelathini na mbili.