Bakuli la Mzee Heo

"Umekivunja, halafu unaniambia kimejivunja!"

"Nakuapia, Mama Chilbok. Nimekigonga mara moja tu. Tena taratibu, kama mtu anayebisha hodi."

"Hodi gani hiyo inayoangusha mlango?"

Tuliokuwa tunaosha kabichi kisimani tukaziacha kabichi zetu. Kichochoro chetu hapa Bonghwa ni chembamba. Ukikohoa nyumba ya kwanza, nyumba ya mwisho wanakuuliza umekunywa dawa gani. Kwa hiyo tulisogea, si kwa umbea, bali kwa sababu sauti zilituita.

Mama Chilbok alikuwa amekinga aproni yake. Ndani yake kulikuwa na vipande vitatu vya kifuniko cha bakuli. Mbele yake alisimama Pyo, mhunzi wetu wa miundu na visu. Uso wake ulikuwa umemshuka.

"Jamani, si ununue tu bakuli la chuma cheupe kama sisi?" akasema mmoja wetu. "Halishiki kutu wala halisuguliwi."

"Ninalo!" akajibu Mama Chilbok. "Baba halitaki."

Baba aliyemtaja ni baba mkwe wake, Mzee Heo. Kumbukumbu zimemtoka siku nyingi. Lakini bakuli lake la wali alilijua. Ni la shaba iliyochanganywa na bati, nalo alipewa siku ya harusi yake. Siku tatu kabla ya ugomvi huu lilikuwa linakaushwa uani baada ya kusuguliwa kwa majivu. Rundo la kuni likaporomoka juu yake. Mdomo wa bakuli ukabonyea, na kifuniko kikapinda. Mama Chilbok akavipeleka vyote viwili kwa Pyo.

Huku nyumbani, akampakulia mzee kwenye bakuli jipya la chuma. Mzee akalitazama. Akakunja mikono yake kwa adabu.

"Asanteni sana," akasema. "Nimeshiba. Nisiwasumbue. Nitakula nikifika kwangu."

Hii ilikuwa siku ya tatu. Mzee alikuwa anakunywa mchuzi kidogo tu, kama mgeni asiyetaka kuwamalizia wenyeji chakula chao. Bila lile bakuli, hakujua kwamba yuko nyumbani.

"Hebu nieleze ulifanyaje," Mama Chilbok akamwambia Pyo.

"Nilifanya kama nifanyavyo siku zote. Kisu nikitaka kikubali nyundo, nakipasha moto mpaka kiwe chekundu. Halafu nakifukia kwenye majivu kipoe polepole. Kesho yake kinapinda bila ubishi. Kifuniko chako nilikipa heshima ileile."

"Na bakuli lenyewe?"

"Limo majivuni bado. Nilitaka nilinyooshe sasa hivi."

"Usiliguse!"

Aliyepiga kelele ni Bi Geumak, aliyekuwa anapita na gunia la makaa. Baba yake alikuwa fundi wa vyombo vya shaba, naye alivuta mivukuto ya karakana ile tangu akiwa na meno ya utoto. Siku hizi karakana ni yake.

Akachukua kipande kimoja cha kifuniko, akakitazama pale kilipovunjika.

"Kaka Pyo, umekipoza kwenye majivu?"

"Ndiyo."

"Basi ulikifanya kigae. Ungekigonga hata kwa kijiko kingevunjika."

"Lakini kupoza polepole kunalainisha!"

"Kunalainisha chuma chako. Hii si chuma. Sogea nikuonyeshe."

Akachukua kabichi zetu bila kuomba ruhusa, akazipanga chini safu kwa safu.

"Kila metali imejengwa kwa chembe ndogo mno, hazionekani kwa macho. Zimejipanga hivi, safu juu ya safu. Ukigonga, safu moja inateleza juu ya nyingine. Metali inapinda, haivunjiki. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja, ila usiniponde kabichi," nikasema.

"Kwenye bakuli hili, kwa kila vipimo kumi na sita vya shaba kuna vinne na nusu vya bati. Bati ni kama hawa akina mama wa kisimani. Ukiwapa nafasi, watakusanyika."

Tukacheka. Tungebisha vipi, nasi tumekusanyika?

"Metali ikipoa polepole, bati linapata muda. Linaungana na shaba, zinajenga chembechembe ngumu ambazo ndani yake safu haziwezi kuteleza. Ukigonga, haina pa kukimbilia. Inapasuka. Lakini ukiitosa majini ikiwa nyekundu, bati halipati muda wa kukusanyika. Safu zinabaki na nafasi ya kuteleza."

Pyo akakuna kichwa. "Mimi kisu nikikitosa majini kinakuwa kigumu, hata kuvunjika kinaweza."

"Ndivyo. Ndani ya chuma chako mna kaboni kidogo, itokayo kwenye makaa. Ukikitosa majini, kaboni inanaswa katikati ya safu na kuzizuia zisiteleze. Dawa ya chuma chako ni sumu ya shaba yangu."

Mama Chilbok hakuwa na haja ya somo zaidi. "Bi Geumak, bakuli la baba litapona?"

"Kifuniko hakiponi. Vipande nipe, nitaviyeyusha nikufulie kingine. Bakuli halijapigwa bado. Twende."

Pyo akaenda kulichukua bakuli majivuni, nasi tukamfuata Bi Geumak sote. Ndani ya karakana alifunga madirisha, ingawa ulikuwa mchana.

"Kwenye mwanga macho yanadanganywa na rangi," akasema. "Nataka wekundu wa pilipili iliyokauka. Likizidi hapo, nikilishika kwa koleo litabomoka kama keki ya mchele."

Pyo akavuta mivukuto. Bakuli likaanza kuwaka gizani. Mama Chilbok alikuwa amenishika mkono, na kucha zake zikanizama.

"Sasa!" Bi Geumak akalichopoa, akalitosa kwenye pipa la maji ya chumvi. Mvuke ukatufunika.

Likatoka jeusi, na mdomo wake bado umepinda. Bi Geumak akampa Pyo nyundo.

"Gonga."

"Mimi? Baada ya yale?"

"Mkono wako haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa la majivu."

Pyo akagonga mara moja, macho ameyafumba. Akagonga tena, ameyafumbua. Mdomo wa bakuli ukarudi nyuma kidogo, kisha kidogo tena. Haukupasuka. Akaendelea, taratibu, mpaka ukawa mviringo. Akaligusa kwa ukucha, nalo likalia kwa sauti ndefu. Mama Chilbok akalia pia.

Tangu siku ile Pyo hagongi chombo cha mtu kabla ya kuuliza: "Kimetengenezwa kwa metali gani?" Wengine wanamcheka. Yeye anauliza tu.

Tulilisugua bakuli watu watatu mpaka likang'aa. Mama Chilbok akalijaza wali wa moto, akaliweka mbele ya mzee pamoja na supu ya maharage ya soya. Sisi tukachungulia kutoka uani. Pyo alibaki getini kabisa, kofia mkononi.

Mzee Heo akalizungushia bakuli viganja vyake viwili. Kisha akachukua kijiko, akala. Akala tena.

Halafu akainua macho, akatuona. Akamgeukia Mama Chilbok, na kwa mara ya kwanza mwezi ule akamwita mkwe wake.

"Mkwe wangu, mbona watu wamesimama nje na baridi hii?" Akanyoosha kijiko kuelekea getini. "Na yule bwana mwenye kofia, anamwogopa nani? Hapa ni kwangu. Mwambie aingie, ale."