Mtungi Uliojaa Pomoni

Fikirini alikuwa amelazwa kando ya kisima kikuu, mtungi wa hewa ungali mgongoni. Midomo yake ilikuwa na wekundu mbichi, kama ya mtu aliyetoka kukimbia, si ya maiti.

Inspekta Cuthbert Chilumba alichutama, akaitazama kwa muda mrefu. Katika kazi yake ya polisi, Masasi na kwingineko, alikwisha kuona waliokufa maji. Midomo yao huwa na rangi ya zambarau. Huyu hata kucha zilikuwa nyekundu.

"Ni ajali," alisema mhandisi wa mradi, Mzungu mrefu aliyeshika kofia mkononi. "Pampu zimesimama tangu jana. Newala yote haina maji. Ziko wapi karatasi, nitie sahihi?"

"Bado, bwana. Maiti inakwenda kwanza hospitali, Ndanda."

"Watu wana kiu, Inspekta!"

"Najua. Mama yangu ni mmoja wao."

Kisima kile kilichimbwa bondeni, chini ya genge la mlima wa Newala, na injini ya dizeli ndiyo iliyosukuma maji mpaka juu. Tope likiziba mdomo wa bomba, Fikirini huzama kuuzibua. Alizaliwa Mkunya, pasipo na mto wala ziwa, akajifunza kuzamia Mtwara wakati bandari inajengwa. Sasa, mwaka 1957, alikuwa na msaidizi mmoja, Nikolao wa Nanganga, mwanamume mwenye kifua kipana na sauti nzito.

Cuthbert alimwendea kwanza mjane, Esha. Alimkuta uani, si mbali na kisima, amekaa mkekani, binti yake Stamili mapajani.

"Pole sana, Mama Stamili."

"Nimeshapoa, baba."

"Jana alikwambia anakwenda kuzama?"

"Azame wapi? Alikuwa na mafua, pua zimeziba, hata mboga iliyoungua hakuisikia harufu. Alisema hagusi maji mpaka apone, masikio yatapasuka." Alimeza mate. "Nilimwandalia ugali, nikaenda nyuma kuchukua maji ya kunawa. Nikirudi, hayupo. Tonge alilolimega liko ukingoni mwa sahani."

"Hukusikia mtu kumwita?"

"Kwa kelele za injini ile? Hata ukipigwa radi husikii."

Inspekta alirudi kisimani. Marehemu alikuwa amevaa suruali yake ya kushindia, si vazi la kuzamia. Akainama, akasoma kipimo cha mtungi. Mshale ulikuwa umefika mwisho, upande wa kujaa.

Kisha akaingia banda la injini. Mashine ya kujazia mitungi ilikuwa pembeni, na mpira wake wa kuvutia hewa umepitishwa dirishani mpaka nje, kama inavyopaswa. Akaingiza kidole ndani ya mpira. Kilitoka cheusi kwa masizi.

Jioni gari lilirudi kutoka Ndanda. Daktari alikuwa ameandika kwa ufupi: damu imejaa sumu ya moshi wa injini. Mtu huyu alizimia kwanza, ndipo akanywa maji.

Nikolao aliitwa ofisini kwa mhandisi. Konstebo Petro akasimama mlangoni.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Keti. Mimi ni mtu wa nchi kavu, Nikolao. Nifundishe. Mzamiaji mzuri ni yupi?"

Nikolao alishangaa kidogo, kisha kifua kikamtuna. "Kwanza, hazami na mafua. Pili, hazami bila kunusa hewa ya mtungi, maana hewa chafu huua. Hana haraka, akishuka na akipanda. Na hazami bila mwenzake kushika kamba."

"Fikirini alikuwa mzuri?"

"Hakuna aliyemshinda."

"Basi mbona jana alizivunja kanuni hizo?"

"Aliniambia anakwenda kutazama bomba," alisema Nikolao. "Mimi msaidizi tu. Nilishika kamba."

"Alikaa chini muda gani?"

"Kitambo. Robo saa hivi."

"Na alikuwa akivuta hewa?"

"Ndiyo, afande. Angeishije?"

"Hewa ya nani? Mtungi wake umejaa pomoni."

Nikolao aligeuka, akamtazama Petro mlangoni.

"Ulipompandisha," Cuthbert aliendelea, sauti chini, "uliimwaga hewa ile mbaya, ukajaza safi kabla ya kuita watu. Ulijaza kupita kiasi. Kabla hajazama uliusogeza mpira kwenye ekzosi ya injini. Masizi yamo bado. Mashine ile mnaijua wawili, na mmoja kafa."

"Afande, yeye mwenyewe—"

"Kitu kimoja tu humfanya mtu kama yule aache chakula na kuruka na suruali yake. Ulimwambia nani katumbukia?"

Nikolao aliinamisha uso.

"Mama mmoja," alinong'ona. "Nilimwambia kuna mama aliteleza na ndoo. Hakuuliza. Alinipokonya mtungi mkononi."

"Kwa nini, Nikolao?"

"Mwezi uliopita nilishikwa na hofu kule chini. Nikampokonya mpira mdomoni, tukapona kwa kudra. Tulipotoka nikakana. Akaniambia, 'Woga si aibu, ndugu yangu, hata mimi ninao. Lakini anayeuficha atamzika mwenziwe.' Alitaka kumwambia bwana mhandisi nisishushwe tena." Akapangusa macho. "Nyumbani wananiita Mzamiaji, afande. Watoto hunifuata barabarani. Ningerudije kupalilia muhogo?"

"Kwa hiyo ulingoja apatwe na mafua, asiunuse moshi."

"Nilingoja."

Petro alimtia pingu. Nje, mhandisi alikuwa ameshika kofia ileile, safari hii hakuuliza karatasi.

Cuthbert alienda mwenyewe kumwambia Esha, maana habari ile haikuwa ya kutumwa na konstebo. Aliisema yote: moshi, mpira, na yule mama ambaye hakuwapo.

Esha hakulia. Alikaa akimpapasa mtoto nywele.

"Basi alikufa anamtafuta," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Akidhani amechelewa kumfikia."

Inspekta akavua kofia, akaketi mkekani pamoja nao.