Ukuta wa Bi Nyamvula

Lami-hai ya Mtaa wa Kitopeni ilipumua. Mwenye anwani alipochoka, iliinuka chini yake ikawa kiti chenye joto la mwili wake. Asiye na anwani alipoketi, ilijiinamisha ikamtelezesha taratibu hadi mpakani mwa jiji, bila hata kumchubua. Ndivyo Sheria ya Anwani ilivyotaka: asiye na makazi asilale mjini, wala zahanati isimpokee.

Mhandisi Sekela Mwakalukwa alikuwa mmoja wa walioibuni lami hiyo, lakini hakuwahi kuona jambo aliloitiwa alasiri hiyo. Lami ilikuwa imepanda ikawa kuta nne, na paa jembamba kama ganda la yai. Ndani aliketi Bi Nyamvula, mama asiye na anwani, miguu imemvimba, akichambua mchicha.

Kwenye redio yake ya mkononi, Mkurugenzi wa Jiji aliamuru hitilafu hiyo iondolewe kabla ya magharibi. Sekela alipima ubongo wa lami mara mbili. Hakukuwa na hitilafu. Akamwuliza Bi Nyamvula alikuwa akifanya nini pale.

"Utani tu, mwanangu. Kila jioni wenzangu hupita wakabisha hodi. Nami nawajibu: karibuni, vueni viatu. Na viatu vyenyewe hawana."

Hapo Sekela alielewa. Hatimiliki za nyumba zilikuwa siri, hivyo wahandisi waliifundisha lami kwa kuisikilizisha milango ya jiji: mtu akibishiwa hodi mahali, naye akakaribisha, siku baada ya siku, basi hapo ni kwake. Mashine ilikuwa imeifuata hoja hiyo hadi mwisho, mahali ambapo walioitunga hawakuwahi kufika.

"Futa somo hilo," alisema Mkurugenzi redioni, Sekela alipomweleza.

"Linafutika, mheshimiwa. Ila ndilo lami inalotambulia nyumba zote. Nikilifuta, lami haitamjua mwenye nyumba yeyote. Itatutelezesha sote."

Sekela aliugusa ukuta. Ulikuwa na joto. Ng'ambo ya barabara walisimama watu wengine wasio na anwani, nao waliozoea kubishiana hodi, wakimtazama yeye, na chini ya nyayo zao lami ilianza kuumuka kama unga wa maandazi.

"Kwa hiyo ukifuta," Mkurugenzi aliuliza, sauti imeshuka, "leo mimi nitalala wapi?"

Bi Nyamvula, aliyeyasikia yote, aliweka mchicha kando, akajisogeza ukutani, nafasi ya mtu mmoja ikabaki.